Nilisema Nina Njaa

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, ndege ya kisiwa cha Nosy Be ilikuwa haifiki mji mkuu, Tananarive, moja kwa moja. Ilitua Majunga, au Mahajanga kama wanavyoandika siku hizi, ikatushusha, ikaenda zake, na sisi wa mji mkuu tukangoja ndege nyingine mpaka alasiri. Kampuni ya ndege ilitupa kila mmoja kikaratasi cha kulia chakula cha mchana hotelini, ikatupakia kwenye basi dogo na kutumwaga mjini. Kwa wenzangu ilikuwa siku iliyopotea. Kwangu mimi ilikuwa nafasi niliyoipangia kwa wiki tatu, na jinsi nilivyoitumia ndiyo habari yenyewe, ingawa sina hata dakika moja ya siku ile ya kujivunia.

Nilikuwa karani wa telegramu katika posta ya Nosy Be. Wafaransa walikuwa wanaanza kuondoka mmoja mmoja, na serikali mpya iliwaita makarani mji mkuu kwa mafunzo ya miezi mitatu ili wakirudi wakalie viti vilivyoachwa. Nilikuwa na suti moja, barua yenye mhuri wa jamhuri, na majivuno ya kutosha watu wawili. Lakini si mafunzo yaliyonikosesha raha. Mama yangu alikuwa akiishi Mahabibo, humo humo Majunga, na nilikuwa sijamwona wala kumwandikia kwa miaka mitatu. Nilikuwa nakwenda kumwomba radhi.

Kisa cha ugomvi ni kifupi. Asili yetu ni Ngazija. Babu alihamia Majunga, mama akazaliwa Mahabibo, na pale watu wetu tulikuwa wengi, na misikiti yetu na maneno yetu. Nyumbani tulisema Kikomori, sokoni Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikuja kukipata Unguja nilipohamia ukubwani. Kule kwetu kilikuwa kimebaki katika mambo ya dini na midomoni mwa wazee wachache wa biashara. Basi mama alinichumbia binti wa jamaa zetu pale pale Mahabibo. Mimi nikaoa Nosy Be, mwanamke niliyempenda, mtoto wa wachuma maua ya langilangi, aliyesilimu mwezi mmoja kabla ya ndoa. Mama hakutukana, hakulia. Alisema, "Umeoa, umeoa," akanyamaza.

Mwaka uliofuata tulipata mtoto wa kiume. Akiwa na miezi minane, homa ikamchukua. Nilimpigia mama telegramu kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa ile lugha yetu ya msiba: "Mtoto mgonjwa sana, njoo." Watu wetu hawaandiki kwamba mtu amekufa. Wanaandika mgonjwa sana, na anayepokea anajua. Mimi nilikuwa nikizipokea na kuzipeleka kila wiki, nikawa hodari wa kusoma watu dirishani: huyu ataomba maji, huyu atauliza basi linaondoka saa ngapi, huyu ataikunja karatasi mara nne na kutoka bila kuaga. Mama alijua ile yangu ilisema nini. Hakuja, wala hakujibu.

Hasira zangu mimi si za kupiga kelele. Mimi hununa, na kununa kwangu kuna subira ya punda. Niliacha kuandika. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliniletea barua mbili, nikaziweka ndani ya Kurani nisizijibu, kana kwamba kuziweka mahali pazuri ni jibu. Ningeendelea hivyo hadi leo, kwa ninavyojijua, kama mke wangu asingeshika mimba ya pili. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, na yeye ndiye aliyesema, "Huyu sitaki azaliwe katikati ya ugomvi. Ukipita Majunga, nenda kwa mama yako."

"Nitaona," nikasema.

"Usione. Nenda." Akanipa leso mpya iliyofungwa kwenye gazeti, nimpelekee.

Radhi ni bora kuliko mali, wazee husema, na nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi mpaka likawa halinigusi tena. Safari hii lilinigusa. Nilikuwa nimezika mtoto mmoja bila radhi ya mama, na sikutaka kuzika wa pili.

Ndege ilitua saa nne asubuhi. Juu ya jengo la uwanja wa ndege ilipepea bendera mpya, imeshaanza kupauka kwa jua, na chini yake alisimama afisa yule yule Mfaransa wa miaka yote, na kofia yake ile ile. Basi likatupeleka hotelini, karibu na bahari, na dereva akasema atarudi kutuchukua saa tisa kasorobo. Yaani nilikuwa na zaidi ya saa nne, na mpango wangu ulikuwa mzuri. Ningepanda posiposi, kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu, mpaka mtaa wa Ampisikina kwa mjomba. Kwetu aliyekosana na mzazi hajipeleki mlangoni peke yake. Hutanguliza mtu mzima, akaingia kwanza, akasema maneno, ndipo mkosaji akaitwa. Mjomba angenitangulia, na kabla ya adhuhuri ningekuwa nimepiga magoti mbele ya mama.

Badala yake nilikaa. Kwanza nilisema acha ninawe uso. Halafu nikaona viatu vina vumbi, nikatafuta wa kuvipiga rangi. Halafu nikakitoa kile kikaratasi cha chakula na kukisoma mbele na nyuma. Cha bure kina utamu wake, na mtumishi wa serikali mpya ana njaa isiyo ya tumbo, nilitaka niketi nitandikiwe kitambaa cheupe na kuulizwa, "Bwana atakunywa nini?" Nikajiambia mtu haendi kuomba radhi na tumbo tupu, ataonekana ameenda kuomba chakula. Uongo mtupu. Niliogopa. Mimi mwenye suti na barua ya mhuri nilikuwa namwogopa mwanamke anayenifika kifuani.

Chakula kilikuja karibu na saa sita. Nilikula samaki, viazi, mkate na jibini, nikanywa kahawa. Mezani niliwekwa pamoja na mzee wa Kifaransa aliyekuwa anahama moja kwa moja na vyombo vyake. Aliniambia mji huu hauna la kutazama, mtu akiwa na saa chache hapa afadhali alale. Nikaitikia kwa kichwa, mimi niliyezaliwa umbali wa mwendo mfupi kutoka kwenye kile kiti. Adhana ya adhuhuri ililia nikiwa kwenye kahawa ya pili. Niliisikia vizuri. Nikasema mimi ni msafiri, nitaikusanya na alasiri, nikaomba sukari.

Nilipoondoka pale ilikuwa saa saba kasoro dakika chache. Mvuta posiposi alikuwa mtu mzima mwenye mgongo mpana, hakusema neno njia nzima, na mimi sikumharakisha. Jua lilikuwa kali mpaka mbwa walikuwa wamejibanza chini ya vibaraza. Nilikuwa nikiyapanga maneno kichwani. Nimekosa, mama. Nimerudi, mama. Kila nililolijaribu lilisikika kama barua ya ofisi.

Kwa mjomba nilimkuta mkewe peke yake. Alikuwa amekwisha kuwa mzee, mguu mmoja umevimba tangu zamani, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, karibu na jiko la mafiga, akiangalia sufuria.

"Kwezi, bweni," nikasema. Ndiyo salamu ya mdogo kwa mwanamke wa heshima kwetu.

"Mbona, mwanangu," akajibu kwa mazoea, maana ndivyo kwezi inavyoitikiwa, halafu akainua macho akaniona ni mimi. Alisimama kwa taabu, akashika nguzo ya kibaraza. Alinitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa. "Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Napita tu, nakwenda Tananarive kwa kazi. Alasiri ndege inaondoka. Mjomba yupo?"

"Kaenda kuswali."

"Atachelewa? Nataka anipeleke kwa mama."

Aliniangalia viatu, suti, ule mzigo mdogo wa gazeti mkononi. Kisha akauliza, "Umekula?"

Hapa ndipo ninapotaka kusimama, maana siku yangu yote iko hapa. Nilikuwa nimeshiba mpaka mshipi unanibana. Lakini ningesema nini? Ningesema nimekula hotelini, kwenye meza ya watu wa mvinyo, ilhali jamaa yangu ana jiko linawaka mwendo wa robo saa kutoka pale? Kwetu kufika kwa ndugu ukiwa umeshiba ni kama kumwambia humhitaji. Na mimi nilikuwa nimekuja kumhitaji mumewe. Nikatoa uongo wa adabu, ule ambao kila mtoto wetu hufundishwa kabla ya alifu na be.

"Sijatia kitu kinywani tangu Nosy Be," nikasema. "Nina njaa, bweni."

Mabega yake yalishuka. Nilidhani amefurahi. "Basi kaa," akasema. "Kwanza ule."

Alinipa maji ya kunawa, akanitandikia mkeka, akachota wali kwenye ile sufuria. Hapo niliiona vizuri. Ilikuwa sufuria ya shughuli, ya kulisha watu arobaini, na pembeni yake nyingine ya mchuzi, kubwa vile vile. Na mimi, mjuzi wa kusoma watu, nikafanya mzaha. "Bweni, mjomba ameongeza mke bila kutualika? Sufuria hii ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani?"

"Kula, mwanangu. Mgeni njoo mwenyeji apone." Alilisema bila kutabasamu, na mimi nikacheka kwa niaba yake.

Nikala. Kila tonge lilikuwa likipanda juu ya lile la hotelini, nikalisukuma kwa maji. Yeye alikaa mbele yangu akinipepea nzi kwa kipepeo cha ukindu. Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi ulikuwepo, kwa hiyo nikaupa moshi kazi hiyo. Nikajisemesha mwenyewe habari za mafunzo, za kiti cha mkubwa wa posta nitakachokikalia, za mke wangu na mimba yake ya miezi saba. Niliposema mimba, alisema, "Alhamdulillahi," akajifunika uso kwa upande wa nguo yake na kubaki hivyo. Kwa kweli nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu keshatukubali, na akikubali yeye mjomba hana neno, na akikubali mjomba mama atalainika.

"Na mama?" nikauliza. "Bado ana hasira na mimi?"

"Hana hasira na wewe."

"Kweli, bweni?"

"Hana. Kula, umalize."

Basi nikala kwa raha sasa, tumbo linauma na moyo mweupe. Alipotaka kuniongeza sikukataa. Mtu aliyesema hana chochote tumboni tangu asubuhi hawezi kushindwa na sahani ya pili, nami nilikuwa nimeshaufunga ule uongo shingoni, sikuwa na budi kwenda nao. Nilikula polepole, nikitafuna kila punje kama mzee asiye na meno, na muda ukawa unakwenda.

Niliponawa, akauliza, "Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba kweli?"

"Wallahi, bweni."

Ndipo akanishika mikono yote miwili, ikiwa bado ina maji. "Mwanangu, mama yako ametutoka leo alfajiri."

Watu wa nje wataona ni ukatili, kwa hiyo nieleze. Kwetu msafiri haambiwi habari ya msiba akiwa na njaa. Huzuni hufunga koo. Ukimwambia mtu aliyetoka mbali na tumbo tupu, hatakula siku mbili, ataanguka, na msiba mmoja utakuwa miwili. Kwa hiyo anakaribishwa, ananawishwa, analishwa, na wenye habari hukaza nyuso mpaka amalize. Mimi mwenyewe nimemfanyia hivyo mtu zaidi ya mmoja. Mke wa mjomba alinipa haki yangu yote ya msafiri. Lile swali lake la kama nimekula lilikuwa mlango, na kama ningesema nimekula, angeniambia pale pale nikiwa nimesimama. Na ule wali niliokuwa nikiufanyia mzaha ulikuwa wa watu wa matanga. Nyumba iliyofiwa haipiki kwetu, jamaa huipikia. Yeye, kwa ajili ya mguu wake, alikuwa ameachwa nyumbani apike na kungoja wa kumchukulia masufuria.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko kwake, Mahabibo. Usihangaike, mwanangu, tuna wakati. Asubuhi walisema watamzika baada ya alasiri, wanawangoja jamaa wa Marovoay wanakuja na lori. Utamwona. Ngoja nijitande twende pamoja."

Sikungoja. Nilimwacha akitafuta nguo yake, na leso ya mke wangu nikaiacha pale mkekani. Mvuta posiposi alikuwa bado kivulini ng'ambo ya barabara, nikarukia kitini nikipiga kelele kwa Kimalagasi, haraka, haraka, mama yangu amekufa. Yule mtu aliyekuwa hasemi alisema neno moja, "Pole," akakimbia. Alikimbia kwelikweli, nitamkumbuka kwa hilo. Lakini tulipoingia vichochoro vya Mahabibo watu na mikokoteni ya soko walituzuia, nikashuka na kukimbia mwenyewe kwa viatu vyangu vilivyopigwa rangi.

Mlangoni kwa mama wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Waliponiona wakaacha kusoma. Jirani yetu mmoja, aliyemwosha, aliinuka na kunizuia kwa mkono kabla sijavuka kizingiti. Hakukuwa na cha kuvukia kizingiti.

"Wamekwisha kumtoa," akasema. "Baada ya adhuhuri. Joto hili, mwanangu. Mwalimu alisema maiti haingoji lori. Hatukujua kama uko mjini. Tungejua tungengoja, wallahi tungengoja."

Nilikuwa mjini tangu saa nne.

Nilikutana nao njiani, wanarudi kutoka makaburini. Wanaume ishirini au thelathini, kanzu wamezikunja viunoni, miguu imejaa udongo mwekundu. Mjomba alikuwa mbele. Alisimama, na wote nyuma yake wakasimama. Hakushangaa sana kuniona. Alidhani telegramu waliyoipiga asubuhi ndiyo iliyonileta. Telegramu hiyo ilifika dirishani kwangu nikiwa angani, akaipokea mwenzangu wa zamu. Ilisema: "Mama mgonjwa sana, njoo."

"Umefika sasa hivi?" mjomba akaniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Uongo wa pili ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikasema, "Nilikuwa kwako. Nilikuwa nakula."

Alielewa mara moja, maana naye ni mtu wa kwetu. Alifumba macho kidogo. "Tumemtia saa saba na nusu," akasema. Saa saba na nusu nilikuwa na tonge mkononi, nikifurahi kwamba mama hana hasira. Kwetu mtoto wa kiume hushuka kaburini kumpokea mama yake. Mama yangu alipokelewa na mjomba na wanaume wengine wawili, na mmoja wao nilikuwa namjua kwa sura tu. Asiyekuwapo na lake halipo. Sijapata kulichukia neno la wahenga kama nilivyolichukia hilo siku ile.

Mjomba alinishika mkono, akanirudisha makaburini, na wale wengine, waliokuwa wameshachoka na jua, wakageuka wakatufuata. Sikuwaomba. Kaburi lilikuwa bado lina maji waliyolinyunyizia. Niliketi chini na suti yangu. Ndege niliisahau, ikaondoka bila mimi, sanduku langu likafika Tananarive kabla yangu, na baadaye mkubwa wa mafunzo alinikemea sana kwa hilo. Kukemewa kulinifaa.

"Nilikuja kumwomba radhi," nikamwambia mjomba. "Nilikuja unitangulie."

"Najua."

"Sasa nitamwomba nani?"

Mjomba alichuchumaa karibu yangu. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. "Nisikilize," akasema. "Kabla hatujamswalia niliwauliza watu, kama inavyotakiwa: nani ana kitu moyoni juu ya marehemu? Wote wakasema wamemsamehe. Amebaki mmoja hakuwepo."

"Mimi? Mimi ndiye mkosaji, mjomba."

"Wewe ni mkosaji, ndiyo. Barua zangu hukujibu. Lakini kuna jambo hulijui. Mtoto wako alipokufa, mama yako aliipata telegramu. Meli alikuwa hapandi, unamjua. Alikwenda kwa malori, siku sita njiani, peke yake, akatuambia anakwenda Marovoay kwa jamaa. Alifika Ankify."

Ankify ndipo boti za Nosy Be zinapoondokea. Ukisimama pale kisiwa unakiona.

"Alikaa pale siku mbili," mjomba akasema. "Alikuwa akitazama boti zinavuka. Halafu akapanda lori akarudi. Hakumwambia mtu. Mimi aliniambia juzi, alipojua haponi."

"Bahari ilimtisha."

"Na mimi nilisema hivyo. Akasema hapana. Akasema aliiona boti, akajiuliza atafika amwambie nini yule msichana aliyemkataa, na mtoto amekwisha kuzikwa. Akakosa la kusema. Akaniambia ukija nikuombe wewe umsamehe. Nikamwambia acha nimwandikie. Akasema usimwandikie, barua hazijibu."

Mtu akinisikia atadhani nililia. Nililia baadaye. Kwanza nilipandwa na hasira, na ninaisema hivi hivi kwa sababu nimechoka kuificha. Kutoka Ankify kuja kwetu ni safari fupi ya boti. Wiki ile ya msiba na ile iliyofuata nilikuwa nikitoka posta kila boti inapofika, nasimama gatini natazama vichwa vya wanaoshuka, nikitafuta kimoja. Mke wangu alikuwa ananiuliza nikirudi, nami natikisa kichwa. Na mama alikuwa amekaa ng'ambo, anatazama upande wangu, mimi natazama upande wake. Kama asingekuja kabisa ningeweza kulibeba. Kuja mpaka pale na kurudi, hilo sikuweza.

Mjomba alingoja. Wanaume wale nao walingoja, wamesimama juani kwa ajili yangu, mmoja akijifuta shingo kwa kofia. Niliwaona kwamba wamechoka, na wana njaa, na wali unawangoja, na hawawezi kuondoka mpaka niseme.

"Sema basi," mjomba akasema taratibu. "Dada yangu alale."

Nikasema nimemsamehe. Nilisema mara tatu, kwa sauti ya kusikika, na wote wakaitikia amina. Haikuwa kweli. Ilikuja kuwa kweli baada ya miaka, siku ya kawaida tu, nikimwogesha binti yangu uani, na hapakuwa na mtu wa kuitikia. Lakini siku ile, juu ya udongo ule mbichi, haikuwa kweli hata kidogo. Wale wanaume waliniamini. Mjomba aliniamini. Namwomba Mungu mama naye awe ameniamini.